Kunywa, Fungua Mdomo, Sema Jina

Nyinyi mnaoanza kazi katika zahanati za magereza mmeniomba niwaandikie machache kabla sijasahau. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, kwa kuwa havikunifundisha kitu, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaandikia juu ya dirisha. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilipita nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, upande huu mimi na kikombe, upande wa pili mtu aliyefungwa kwa kosa la unga, yaani heroini.

Mimi ni mtu wa milimani, Mmatumbi, Mkatoliki wa kuzaliwa. Nilipopangiwa gereza moja la huku pwani, mama yangu alinivalisha rozari akaniambia watu wa pwani wana mambo yao. Nilicheka. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na niliamini kila kinachomsumbua binadamu kina ukurasa wake kitabuni. Wafungwa waliniita Sista tangu siku ya kwanza, na hata nilipokuwa na mimba ya mtoto wa nne waliendelea kuniita Sista bila kuona tatizo lolote.

Siku hiyo ya kwanza nilikabidhiwa kwa tabibu wa zahanati, Bwana Nampunju, Mmwera mrefu aliyenusa ugoro na kuwahesabia watu maneno. Wakati huo dawa ya uraibu hatukuwa nayo. Tulikuwa na vidonge vya kifua kikuu, na kwa vidonge hivyo ndivyo alivyonifundisha dirisha. Mfungwa anameza, anakunywa maji, anafungua mdomo, anainua ulimi, kisha anataja jina lake.

"Usitazame kikombe," aliniambia. "Tazama koo."

Nikamwuliza jina la nini, wakati tunawafahamu wote. Akasema mtu aliyeficha kidonge shavuni hawezi kusema vizuri, na jina ndilo neno ambalo mtu halifikirii. "Ukiona analifikiria," alisema, "ujue kuna kitu mdomoni."

Niliona ni ushamba. Baadaye nimeona hata wenzetu waliosomea mbali wanafanya vivyo hivyo.

Kisha wafungwa wa unga wakaanza kuongezeka. Wengi hawakuwa wafanyabiashara wa kutisha mnaowaona kwenye taarifa za habari. Walikuwa vijana waliokamatwa na kete, vipakiti vidogo vya kuvuta siku hiyo hiyo, na waliingia wakiwa tayari wameshikwa na arosto. Someni vitabu, lakini arosto mtaijua mkiiona. Mtu anapiga miayo mpaka taya zinamuuma. Machozi na kamasi vinamtoka bila kilio. Vinyweleo vinamsimama kama kuku aliyenyonyolewa, anatetemeka kwa baridi katika joto la Lindi, tumbo linamwaga, miguu inapiga teke yenyewe. Tulikuwa na paracetamol, maji ya chumvi na sukari, na blanketi. Bwana Nampunju alikuwa akikaa nao akiwasimulia habari za shamba lake la korosho kwa sauti ya chini, na ninaamini shamba lile liliwasaidia wengi kuliko paracetamol.

Hatari kubwa hata hivyo haikuwa arosto. Hatari ilikuwa lango, siku ya kutoka. Mtu akikaa muda mrefu bila unga, mwili unasahau kipimo chake cha zamani, lakini kichwa hakisahau. Anatoka, nyumbani hawamtaki, anarudi kijiweni kwa wavutaji wenzake, anavuta kama alivyozoea, na kete ya kwanza inamuua. Niliwahi kumuaga mtu langoni asubuhi, anacheka, kesho yake nikaitwa mochwari kumtambua. Alikutwa kwenye pagale moja, nyumba isiyokwisha kujengwa, kule Mitwero, amekaa, mgongo ukutani. Ndiyo maana nawaambia kuwa swali la kwanza la tiba ni moja tu: huyu akitoka, nani anamsubiri?

Dawa ya methadone ilipotufikia, Bwana Nampunju alikuwa amekwisha kustaafu. Ni dawa ya maji, inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, na inaituliza ile kiu bila kumlewesha mtu. Sikuhitaji kufundishwa upya. Kunywa, fungua mdomo, sema jina.

Na hapo ndipo ninapomfikia mtu ambaye nimemfikiria kuliko wote. Nitamwita Selemani, kwa kuwa ndivyo alivyoandikishwa: Selemani wa Mchinga, mkwezi wa minazi, amekamatwa Mitwero na kete. Alikuja na arosto kali. Siku ya tatu hivi nilimkuta kwenye benchi la zahanati, mchana kweupe, amejikunja pembeni kabisa na kuacha nafasi katikati.

"Sogea, wenzako wakae," nikamwambia.

"Pana mtu, Sista."

"Nani?"

"Yule aliyelowa. Mwambie asinirudishie. Akinirudishia na mimi itabidi nimrudishie chake."

Hapo nilisimamisha kalamu. Maruweruwe ni mambo ya mtu aliyeachishwa pombe. Arosto ya unga inatesa mwili, lakini akili inabaki pale pale, na hayo ndiyo mateso yenyewe. Nilimpima homa, hakuwa nayo. Malaria hakuwa nayo. Nikaandika kwamba hajalala, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Juma lile nikaingia kukagua usafi wa chumba chao. Mnajua vyumba vyetu. Watu wanalala ubavu kwa ubavu, akigeuka mmoja wamegeuka wote. Lakini pembeni ya mkeka wa Selemani palikuwa na nafasi ya mtu mzima, haina mkeka, haina blanketi, na sakafu yake ilikuwa mbichi. Nikamwuliza nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake, kwa nini watu wanabanana hivyo na nafasi ipo.

Nyapara alikuwa mtu mkavu, jambazi wa zamani, asiyeogopa chochote cha kutembea. Alitazama dari.

"Haipo, Sista. Pana mtu."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Nililala pale siku moja, nikaamka nimelowa mpaka kiunoni. Sikurudia."

Paa halikuvuja, na mvua zilikuwa mbali. Niliinama nikagusa sakafu, nikaonja kidole. Chumvi. Nikajiambia kwamba jasho la arosto lina chumvi, na nikatoka haraka kuliko nilivyoingia. Taabu ni kwamba arosto iliisha, dawa ikamkaa vizuri, Selemani akaacha kutoka jasho, na sakafu haikukauka.

Dirishani alikuwa mgonjwa mzuri. Hakuwahi kukosa, hakuwahi kuficha dawa. Ila kila asubuhi, baada ya kunywa na kufungua mdomo, nilipomwambia aseme jina, alikawia. Alilifikiria. Nilimkagua ulimi, mashavu, ufizi. Hapakuwa na kitu. "Selemani," alikuwa akisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu cha jirani.

Na nyumbani alikuwa na mtu, hilo ndilo lililonifurahisha. Mama mmoja wa Mchinga, Bi Somoe, mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akija kila siku ya kutembelea wafungwa. Jirani yake alikuwa mahakamani siku jina liliposomwa, akampelekea habari kwamba mwanawe aliyepotea yuko hai, amefungwa. Alileta kipande cha sabuni, mswaki, basi. Lakini Selemani hakutoka kumwona hata mara moja. Leo tumbo, kesho kichwa. Sabuni aliipokea, na nilimwona akiinusa tu, haogi nayo.

Nilikasirika. Nilimwambia wazi kwamba wenzake wanalilia mama wa kuwasubiri na yeye anamkimbia wake, na kwamba kama anataka kufia kwenye pagale aendelee hivyo hivyo. Siku iliyofuata ya kutembelea wafungwa nilimtoa mwenyewe mpaka kwenye wavu, nikasimama nyuma yake asigeuke.

Bi Somoe alikuja mbio kidogo, kisha mwendo ukapungua. Akafika kwenye wavu. Wakatazamana.

"Shikamoo, mama," Selemani alisema, macho chini.

Yule mama alishika wavu kwa vidole. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hebu vua ndala nikuone miguu."

Akavua. Mkwezi wa minazi ana sugu nene nyayoni, za kushikia shina. Miguu ile ilikuwa laini. Bi Somoe aliitazama mpaka nikaona haya mimi. "Haya," alisema. "Nitakuja tena. Kunywa dawa yako."

Nilimsindikiza hadi kivulini nikidhani nimefanya kazi nzuri. Alikaa, akafunga kanga vizuri, akaniuliza bila kupandisha sauti, "Sasa mwanangu yuko wapi?"

"Si huyo uliyemwona, mama?"

"Huyo nimemwona. Nauliza mwanangu."

Mwili ulinisisimka, vinyweleo vikasimama kama vya wagonjwa wangu. Nikamwuliza kwa nini hakusema pale pale. Akasema alilisikia jina la mwanawe likiitikiwa na mtu aliye hai, na hakuwa tayari kulinyamazisha. "Usimwambie kwamba nimejua," aliongeza. "Ataniambia. Anaogopa kuliko mimi."

Haikuchukua muda mrefu. Asubuhi moja, baada ya dawa, alikaa kwenye benchi, pembeni, na ile nafasi yake katikati, akaniambia. Yeye ni mtu wa kisiwa cha Songo Mnara, mvuvi. Yeye na Selemani walijuana kijiweni, wakivuta pamoja, na waliahidiwa unga ili wasaidie kuteremsha mzigo kutoka chombo kilichosimama mbali na pwani. Selemani alikuwa mtu wa minazi, hajui kuogelea, na kwenye mtumbwi alitetemeka vibaya. Yeye mvuvi alikuwa na hirizi mkononi, kinga ambayo mama yake alimshonea na kumfunga siku alipoanza kuvua, ili bahari isimchukue. Akaivua akamfunga Selemani. "Nilitaka tu aache kutetemeka," alisema. Mtumbwi ulipinduka. Yeye aliogelea.

Maiti ya Selemani ilitupwa na maji Songo Mnara. Samaki walikuwa wamekwisha kuiharibu uso, lakini hirizi ilikuwepo mkononi, na kisiwani kila mtu aliijua ile hirizi. Mama wa mvuvi alilia akidhani ni mwanawe, wakamwosha, wakamsalia, wakamzika, wakamsomea arobaini. Habari zilimfikia kijiweni Lindi.

"Nilikuwa nimekwisha kuzikwa, Sista. Jina langu liko kaburini. Polisi waliponiuliza, nikatoa lililobaki."

"Na jina lako mwenyewe ni nani?"

Alifungua mdomo kama anavyofungua dirishani. Koo likapanda na kushuka. Hakikutoka kitu.

Nilimpelekea mkuu wa gereza taarifa siku ile ile, kama taratibu zinavyotaka. Alisoma, akavua miwani, akasema aliyehukumiwa ndiye tuliye naye, alama za vidole ni zake, na jina litarekebishwa mahakamani kwa kiapo. Kisha akaniuliza kama ni kweli juu ya ile sakafu. Nikamwambia mimi ni muuguzi.

Bi Somoe aliambiwa kwenye wavu na kijana mwenyewe. Alisikiliza yote. Alilia kidogo sana, kwa heshima, kama mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Halafu akasema maneno ambayo yalikuwa tiba kuliko chupa zangu zote.

"Wewe ndiye uliyemshika mwanangu mwisho. Ukitoka utakaa kwangu, kitanda kipo, na gari za kwenda Lindi zinapita mlangoni, utakwenda kunywa dawa yako kila asubuhi. Lakini kwanza utanipeleka alipolala."

Hapo ndipo kijana alipotetemeka kweli. Kumpeleka alipolala kulikuwa ni kumtokea mama yake mzazi. Alikuwa radhi kufa kijiweni kuliko kufanya hivyo, na nilijua hasemi kwa kutishia. Kisiwani hakuna dirisha la dawa, kwa hiyo kuishi kwao asingeweza. Mchinga angeweza, ila njia ya Mchinga ilipitia kaburini kwake. Niliogopa. Niliona tayari lile pagale.

Kijana akatoka juma lile lile niliposafisha meza yangu kustaafu. Kwa hiyo safari hiyo haikuwa kazi yangu, na hakuna aliyenituma. Nilipewa dozi yake ya kubeba, nikaifunga mkobani. Asubuhi hiyo nyapara alinisubiri karibu na chumba.

"Pamekauka, Sista. Leo tutalala kama watu."

"Ameenda wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea langoni, ambako kijana alisimama na mfuko wake. "Wametoka."

Kilwa Masoko tulipata boti ya kuvuka. Mwenye boti alimsaidia Bi Somoe, akanisaidia mimi, kijana akapanda mwenyewe, na yule bwana akabaki amenyoosha mkono kuelekea ufukweni. "Huyo mwingine hapandi?" aliuliza. Nikamwambia tuko watatu. Alitutazama, akashusha mkono, akawasha mashine. Nilishika rozari ya mama yangu mpaka tunafika.

Mama yake tulimkuta uani anachambua dagaa. Kijana alisimama mbele ya ua, jua likimwangaza wazi, na kivuli chake kimelala mchangani kila mtu akione.

"Shikamoo, mama."

Mkono wa yule mama ulibaki hewani na dagaa wake. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaingia ndani kinyumenyume, akafunga mlango, na tukasikia anasoma Kurani kwa sauti ya chini. Majirani waliokuwa nje waliwavuta watoto wao. Shikamoo ile ilibaki pale uani, hakuna aliyeiitikia. Kijana akaniambia taratibu, "Unaona, Sista. Mimi siko." Tulipewa hifadhi kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye alizungumza nami tu na kumtazama kijana kama anayetazama nje kupitia dirisha.

Asubuhi tulikwenda makaburini. Bi Somoe alikaa mchangani kando ya kaburi tuliloonyeshwa, akaanza kuzungumza na mwanawe kwa Kimachinga, habari za nyumbani, nani kaoa, mnazi gani umeanguka. Nikaona mama wa kijana anakuja peke yake, amekunja ngumi. Akasimama juu ya Bi Somoe.

"Unamlilia nani hapa?"

"Mwanangu."

"Huyu ni wangu. Nilimzika mimi."

"Wako yule pale," Bi Somoe alisema. "Huyu alikuja na kinga yako tu. Ahsante kwa kunizikia."

Yule mama akakunjua ngumi. Ilikuwa ile hirizi, ngozi nyeusi na uzi. Waliivua walipoosha maiti, naye akaihifadhi. "Haikauki," alisema, kama anayeshtaki. "Naianika tangu siku ile. Haikauki." Akanipa nishike, labda kwa kuwa nilikuwa mtu wa hospitali. Ilikuwa imelowa kabisa. Kijana alirudi nyuma hatua kadhaa, ameficha mkono wake mgongoni.

Bi Somoe aliichukua kwangu. "Ibaki na huyu. Alipewa, na hapokonywi," alisema, akachimba kwa vidole akaifukia kichwani mwa kaburi, akapiga mchanga kwa kiganja.

Hapo ndipo mama wa kijana alipogeuka. Hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi.

"Wewe wa hospitali. Huyu yu hai?"

"Yu hai, mama. Na saa hizi anatakiwa anywe dawa yake."

"Maiti hainywi," alisema, akijiambia mwenyewe. Akanyoosha mkono. "Lete nimnyweshe mimi."

Taratibu zinakataza. Nilimpa. Nilimwelekeza kama nilivyoelekezwa mimi siku ya kwanza ya kazi: anywe, maji juu yake, afungue mdomo, ainue ulimi, aseme jina. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akaenda mpaka alipo, akamnywesha kama mtoto mwenye homa. Alitazama koo bila kuambiwa. Akatazama ndani ya mdomo muda mrefu.

"Haya," alimwambia. "Jina."

Hakulifikiria. "Hamadi," alisema.

Mama yake alipumua, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Marahaba," alisema.

Nikachukua kikombe, nikaenda kukiosha.